Chooko zilizoota kwa mbwa wa shamba: namna ya kuziotesha na kumlisha

Mbwa wa shamba kwetu Pemba hula kinachopatikana: ugali wa dona, ukoko wa wali, vichwa vya samaki, na dagaa wakati wa giza, madau yakiwa yametoka na taa zao. Doria wangu ni jike la kienyeji la kilo 15 hivi. Makazi yake ni chini ya dungu, upande wa Konde, na asipokuwepo yeye tumbili huyamaliza mahindi yangali machanga. Chakula hicho kinamshibisha. Wali na ugali vinampa nguvu, samaki wanampa protini, mifupa laini ya dagaa inampa chokaa. Kinachokosekana bakulini ni kibichi, nami humwongezea kwa chooko, au choroko kama wanavyoziita bara, ninazoziotesha mwenyewe ndani ya nyumba. Hazitaki bustani wala jua, na kwa joto letu siku mbili zinatosha.

Nianze na kile zinachompa, maana nimewasikia watu wakizisifia mbegu zilizoota kana kwamba ni dawa ya kila maradhi. Katika gramu 100 za chooko zilizoota, gramu 90 ni maji. Protini ni gramu 3 tu na kalori ni 30. Vitamini C imo, lakini mbwa haitegemei ya kwenye chakula, kwani ini lake linaitengeneza lenyewe. Faida iko kwingine: foleti (vitamini B9), vitamini K, ufumwele unaomsaidia kupata choo vizuri, na ule ubichi wenyewe katika bakuli ambalo siku zote lina chakula cha aina moja. Tena kuota kunazilainisha tumboni. Chooko kavu zina sukari ambazo tumbo la mbwa haliwezi kuzivunja. Zikifika utumbo mpana zinachacha na kumjaza gesi. Zina pia asidi ya fitiki, ambayo hushikilia madini ya chuma na zinki yasifyonzwe. Mbegu inapoamka huanza kuvitumia vitu hivyo yenyewe, vikapungua. Hata hivyo asije mtu akapunguza samaki ili aongeze chooko. Mbwa anayekosa samaki au nyama atakonda hata akipewa chipukizi kila siku.

Kuchagua mbegu

Nunua chooko za kula, zile za gunia sokoni Chake, Wete au Konde. Usichukue mbegu za kupandia. Mbegu za madukani za kupandia aghalabu hupakwa dawa ya kuzuia ukungu, na hutiwa rangi nyekundu, waridi au buluu ili mtu asizile, na dawa hiyo usitegemee kuiondoa kwa kuosha. Hata hizi za gunia, muulize muuzaji waziwazi kama zimechanganywa na unga wa dawa ya fukusi. Mimi husema hivi: “Ami, hizi zimetiwa dawa, au naweza kuzipika leo leo?” Akisitasita naenda kwa mwengine. Gunia lenye fukusi wawili watatu wanaotembea halinitishi. Fukusi aliye hai ni dalili nzuri kuliko gunia lisilo mdudu hata mmoja na lenye vumbi jeupe mikononi.

Nyumbani zipepete kwenye ungo, kisha kaa uzichambue moja moja. Zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye vitundu zitoe zote. Mbegu iliyovunjika haioti, inaoza, na kuoza kwake ndiko kunakoziharibu zilizo jirani. Kama hujui gunia lilikaa miaka mingapi ghalani, jaribu kwanza ukonzi mmoja. Nusu yake zikibaki ngumu baada ya siku mbili, zilizobaki zipikie mchuzi wa nazi zako mwenyewe, usipoteze wakati kuziotesha.

Hapa naomba msomaji asipite haraka: si kila kinachoota kinamfaa mbwa. Maharagwe, hasa mekundu, yana lektini inayotapisha na kuharisha, na kuyaotesha hakuiondoi. Inaondolewa na kuchemka kwa nguvu. Fiwi mbichi na miche michanga ya mtama hutoa sianidi, sumu ile ile inayoua mbuzi wakivamia mtama mchanga. Mbatata iliyotoa macho ina sumu ya solanini. Vitunguu, viwe maji au thomu, vimeota au havijaota, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema “chipukizi zote ni chakula”, mwambie hapana. Mimi natumia chooko, na mara moja moja adesi nzima zenye ganda. Zile nyekundu zilizopasuliwa hazioti. Dengu zinaota vizuri lakini ni ngumu kwa tumbo la mbwa, nazo lazima zipikwe.

Uwatu nao unaota haraka na wengi tunao jikoni. Kumbuka lakini yaliyotokea Ujerumani mwaka 2011: chipukizi zilizobeba bakteria wa E. koli ziliwafanya maelfu ya watu waugue na zaidi ya 50 wakafa, na uchunguzi ukaelekeza kwenye mbegu za uwatu zilizotoka Misri. Uwatu wenyewe hauna lawama. Bakteria walikuwa juu ya mbegu, kisha unyevu na joto vikawazalisha. Naitaja habari hiyo kwa sababu chupa ya chooko jikoni Pemba mwezi wa Januari ina kila anachokitaka bakteria: maji, chakula, na nyuzi joto 30. Yote nitakayoeleza kuanzia hapa, yaani kuosha, kukausha na kupitisha mvuke, yanatokana na jambo hilo moja.

Maji yaingie mengi, yatoke yote

Nusu kikombe cha chooko kavu hutoa vikombe viwili hivi vilivyoota. Kwa mbwa mmoja ni nyingi, na ndiyo sababu nyumba nzima inapata fungu lake.

Osha mikono kwa sabuni. Chemsha maji ya kutosha, yafunike, yaache yapoe. Hayo ndiyo ya kurowekea na ya kusuuzia. Maji ya kisima yasiyochemshwa usiyatumie, hasa wakati wa masika, mvua inapoteremsha uchafu wa juu mpaka visimani. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, iliyokuwa na achari au jemu, ioshe kwa sabuni kisha imiminie maji ya moto ndani. Mdomoni utafunga kitambaa chepesi cha pamba kwa mpira. Kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa vizuri kinafaa. Chandarua usikikate kwa kazi hii. Vyandarua tunavyogawiwa vina dawa ya mbu, na dawa hiyo haitakiwi mahali pa kuoteshea chakula.

Suuza chooko mpaka maji yatoke safi. Tia maji mara tatu ya chooko zenyewe, uziroweke baada ya sala ya isha mpaka alfajiri. Muda wa saa 8 mpaka 10 unatosha. Wenzetu wa nchi za baridi huacha zaidi, lakini kwetu zikipita saa 12 majini zinatoa povu na harufu ya kuchacha.

Asubuhi mwaga maji yote, suuza, mwaga tena. Sasa ilaze chupa mshazari, mdomo chini, juu ya bakuli, mpaka pasidondoke hata tone. Kazi nzima iko hapa. Chooko zinataka unyevu, hazitaki dimbwi. Itazame chupa kwa karibu: aghalabu maji hujificha kwenye bega lake, pale kioo kinapopinda kuelekea mdomoni, na chooko za hapo ndizo zinazoanza kuteleza. Itikise, igeuze, iache tena. Ikiwa imekaa sawa utaona kila chooko inang'aa peke yake na hewa inapita katikati yao. Zikiwa zimeshikana donge moja, umezijaza mno. Zigawe chupa mbili.

Chupa ikae mahali penye giza na hewa. Mimi huiweka pembeni mwa jikoni, mbali na nyama na samaki wabichi, na juu yake nafunika kawa la ukili, ambalo linazuia nzi na bado linapitisha hewa. Bakuli la chini nalisimamisha ndani ya sinia lenye maji kidogo ili sisimizi wasipande. Wakishaingia chupani hawatoki.

Suuza mara tatu kwa siku, na kila mara chuja vile vile mpaka tone la mwisho. Nimezifunganisha nyakati hizo na sala ili nisisahau: baada ya alfajiri, adhuhuri na magharibi. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Februari, ongeza mara moja zaidi kabla ya kulala. Wakati wa kusi, Juni mpaka Septemba, kuna ubaridi kidogo na zinachelewa. Usiharakishe kwa kuziweka juani. Masika ndio msimu mgumu kuliko yote, kwa sababu hewa yenyewe imelowa na ukungu unapanda kila kitu. Kipindi hicho naotesha robo kikombe tu kwa mara moja, tena kila kitambaa nakipiga pasi kabla ya kukifunga.

Jioni ya siku ya kwanza ganda la kijani linapasuka na ncha nyeupe inachungulia. Siku ya pili mkia umefika sentimita moja. Zitoe hapo. Usingoje mpaka zitoe majani: zinakuwa za nyuzinyuzi, na kila siku unayoiongeza ni siku ya bakteria kuzaana. Zisuuze mara ya mwisho ndani ya bakuli kubwa, maganda yatakayoelea yatoe kwa mkono, kisha zitandaze juu ya kitambaa safi zikauke.

Kabla ya kumpa mbwa, zinuse. Harufu inayotakiwa ni ya ubichi, kama ganda la kunde changa likivunjwa. Ikiwa ni ya siki, ya soksi iliyolowa au ya ukungu, au vidole vikihisi ute, zote zinatupwa. Usizioshe ukadhani zimepona. Vinyweleo vyeupe vya mzizi visikutishe. Hivyo viko karibu na ncha ya mzizi tu, vimejipanga, na vikimwagiwa maji vinalala. Ukungu unatanda kutoka chooko moja hadi nyingine kama utando, na harufu yake haikosi.

Mvuke, kuponda, na kipimo

Wapo wanaompa mbwa chooko mbichi. Mie nazipitisha kwenye mvuke dakika 5 mpaka 10, hadi zilegee, na nashauri kila mwenye watoto nyumbani afanye hivyo. Mbwa anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuonekana mgonjwa, huku akiwatoa kwenye kinyesi na mate, na watoto wanacheza pale pale anapolala. Mvuke unapunguza vitamini C, ambayo nimeshasema mbwa haihitaji kwenye chakula. Sioni hasara. Sufuria yenye maji kidogo na chujio la chuma juu yake vinatosha, ufunike.

Kisha ziponde. Mbwa hatafuni kama sisi. Huchana na kumeza, na mate yake hayana kimeng'enya cha kuanza kuuvunja wanga mdomoni. Chooko nzima itaingia nzima na itatoka nzima, utaikuta shambani ilivyo. Kisu kinatosha, au kinu kidogo na mchi, mpaka ziwe chengachenga.

Kipimo ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Vyote vya ziada anavyopewa mbwa, chooko zikiwemo, visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku. Kwa mbwa wa ukubwa wa Doria anza na kijiko cha chai kimoja kwa siku, siku tatu mfululizo, ukiangalia choo chake. Kikiwa kimeshikana kama kawaida, panda hadi kijiko cha kulia kimoja, kisha viwili, mara tatu au nne kwa wiki. Hapo simama. Mbwa mwenye kilo 30 anaweza kufika vijiko vitatu au vinne. Mtoto wa mbwa aliyeachishwa ziwa karibuni mwache akue kwanza, na mbwa mwenye maradhi ya figo au kongosho asipewe mpaka daktari wa mifugo aseme.

Changanya na chakula chake cha siku zote kikiwa vuguvugu. Doria anazipenda zaidi zikiwa ndani ya ugali uliokorogwa kwa supu ya vichwa vya samaki, mifupa mikubwa ikiwa imetolewa. Ukitumia dagaa, kumbuka kwamba wengi wa dagaa wetu wa kukausha huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Waroweke kwa maji ya moto, umwage, uwasuuze mara mbili, ndipo uwachanganye. Chooko zenyewe usizitie chumvi, ndimu, bizari wala tui zito. Mabaki ya mchuzi wa nyumbani usiyamimine juu yake, maana hakuna mchuzi wa kwetu usio na kitunguu.

Bakuli lake na vyombo vyetu

Hili kwetu halikwepeki, na ni bora kulipanga vizuri tangu mwanzo kuliko kugombana nyumbani. Mbwa anayelinda mazao au mifugo, au wa kusakia, ana ruhusa katika dini, na mnyama uliyeruhusiwa kumweka ana haki ya kula vizuri. Tangu tukiwa chuoni tumesomeshwa habari ya yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Sioni aibu yoyote kumpikia mbwa wangu.

Lakini chombo alichotia mdomo, kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi hapa, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Rahisi ni kutokifikisha huko. Bakuli la Doria ni la alumini, limebonyea ubavu, linakaa shambani na haliingii jikoni kwa hali yoyote. Chooko nazipika na kuziponda nyumbani kwa vyombo vya nyumbani, nazitia kwenye kikopo chenye kifuniko, na shambani nazimimina kutoka juu, kikopo kisiguse bakuli. Bakuli nalisugua kwa mchanga na sabuni kila siku, kwa dodoki lake lenyewe, linaloning'inia kwenye nguzo ya dungu.

Mama alipoikuta chupa jikoni aliniuliza, “Mwanangu, hizi nizitie tui, au ni za mnyama wako?” Nikamjibu, “Zako hizo mama, toa fungu lako kwanza, yeye atapata litakalobaki.” Ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Fungu la watu linatolewa kabla fungu la mbwa halijatoka nyumbani, na hakuna anayekaa na wasiwasi.

Zilizobaki na dalili za kuangalia

Zilizoiva kwa mvuke zikae ndani ya friji, kwenye chombo chenye kifuniko, siku mbili, tatu kwa wingi. Umeme ukikatika usiku kucha, za ndani ya friji usimpe asubuhi. Asiye na friji aoteshe kidogo kidogo, kiasi cha kwisha siku ile ile.

Wiki ya kwanza chunguza mambo mawili, tumbo na choo. Gesi kidogo ni kawaida na hutulia ukipunguza kipimo. Choo kikilainika, acha siku tatu, kisha rudi kwenye kijiko cha chai. Tumbo likivimba na kuwa gumu huku mbwa anahangaika na kujaribu kutapika bila kutoa kitu, usingoje asubuhi, hiyo ni hatari ya saa chache na inataka daktari wa mifugo mara moja. Vivyo hivyo ukiona damu kwenye choo, au akiharisha zaidi ya siku moja, au akikataa maji. Mwambie daktari zilikuwa mbegu gani, ziliota muda gani na zilipikwa au hazikupikwa, kwa sababu hayo ndiyo atakayokuuliza.

Chooko zilizopitiliza zikatoa majani lakini hazina ute wala harufu, wape kuku. Zilizooza zifukie shimoni mbali na bakuli la mbwa, na chupa yake uichemshe kabla ya kuroweka nyingine.